Mama na Falsafa: Darasa Lililo Mezani Pako

Ni saa nne usiku. Vyombo vimeoshwa, sare za shule zimepigwa pasi, watoto wamelala. Mama anafuta meza, anawasha kompyuta na kufungua insha aliyoianza juzi. Baba anapita akielekea chumbani, anasimama kidogo na kuuliza: "Mama watoto, hiyo falsafa itatuletea nini humu ndani?"

Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu.

Siku hizi mwanamke mwenye shahada ya kwanza anaweza kusoma falsafa hadi shahada ya uzamili bila kuhama nyumbani kwake. Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969, na Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Scotland hufundisha falsafa ya kiwango hicho kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini mama afuate nini huko, na nyumba yake italipa gharama gani?

Binti aliyesoma kwa barua

Kusoma falsafa ukiwa mbali na mwalimu si jambo jipya. Mwaka 1643, huko The Hague nchini Uholanzi, msichana wa miaka 24 alimwandikia barua mwanafalsafa Mfaransa René Descartes. Aliitwa Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia aliyepoteza kiti chake. Familia yao iliishi uhamishoni. Baba alikuwa amefariki, na Elisabeth alikuwa binti mkubwa kati ya watoto kumi na watatu waliozaliwa katika nyumba hiyo.

Descartes alifundisha kwamba roho na mwili ni vitu viwili tofauti kabisa. Elisabeth aliuliza: ikiwa roho haina umbo wala uzito, inawezaje kuusukuma mwili? Mkono huinukaje pale ninapotaka uinuke? Mwalimu alijibu, lakini jibu halikumtosha mwanafunzi, naye akamwambia hivyo kwa heshima. Hadi leo wanafunzi wa falsafa hulisoma swali hilo.

Barua ziliendelea mpaka Descartes alipofariki mwaka 1650. Ndani yake utamsikia mwanamke unayemfahamu. Anaomba radhi kwamba mambo ya nyumbani kwao na wajibu kwa wageni humnyima nafasi ya kufikiri. Mwaka 1645 aliugua, na Descartes akaona kuwa huzuni ndiyo chanzo. Akamshauri atafute furaha kwa kuitawala akili yake. Elisabeth akamjibu kwamba yapo maradhi yanayomnyang'anya mtu hata uwezo wa kufikiri. Mtu huyo ataitawalaje akili yake?

Tazama jambo hilo, mama. Pingamizi lile lilitoka katika maisha yake mwenyewe, katika ugonjwa na misukosuko ya ukoo. Descartes alilazimika kufikiri zaidi, na barua hizo zikachangia kuzaliwa kwa kitabu chake kuhusu hisia za moyo, kilichotoka mwaka 1649.

Kazi yenyewe ikoje?

Leo barua imekuwa kompyuta, lakini kazi ni ileile. Kila wiki kuna maandiko ya kusoma na mihadhara ya kusikiliza. Wanafunzi hujadiliana kwa maandishi, kisha mwalimu husahihisha insha na kuirudisha na maoni. Mwishoni kuna tasnifu. Usitegemee kusoma haraka kama unavyosoma riwaya. Kurasa kumi tu zaweza kumaliza jioni mbili.

Kinachofundishwa hasa ni kupima hoja. Tuchukue mfano wa nyumbani. Mtoto analalamika kwamba ameadhibiwa pamoja na mdogo wake, na kosa lilikuwa la mmoja. Ukisema, "Kwa sababu nimesema," mazungumzo yamekwisha. Mwanafalsafa huanza kwa kuuliza: adhabu ni ya nini? Ni kulipa kosa, kumfundisha mkosaji, au kuwaonya wengine? Kama ni kulipa kosa, asiyekosa hapaswi kuguswa. Kama ni kuwaonya wengine, je, yafaa kumuumiza asiye na hatia ili mwenzake aogope? Mama aliyezoea kuuliza hivyo huadhibu kwa uangalifu zaidi, na huweza kumweleza mtoto sababu.

Na imani je?

Wengine wataogopa. Mtume Paulo aliwaonya Wakolosai juu ya falsafa inayopotosha, na onyo hilo si la kupuuzwa. Darasani utakutana na hoja za wanaokana kwamba Mungu yuko. Utatakiwa kuzieleza kwa haki kabla ya kuzijibu, na kuna usiku zitakazokusumbua. Usizibebe peke yako. Zungumza na mchungaji wako au rafiki aliyekomaa.

Lakini kumbuka pia Monika. Mwaka 386, mwanawe Agostino alipokuwa akijadili falsafa na rafiki zake karibu na Milano, mama huyo wa Afrika Kaskazini alishiriki mazungumzo. Alipostaajabu kwamba maneno yake yanaandikwa kitabuni, mwanawe alimweleza kwamba falsafa ni kupenda hekima, naye aliipenda. Elisabeth naye hakuiacha imani. Mwaka 1667 alikuwa mkuu wa abasia ya Kiprotestanti ya Herford, Ujerumani, na huko aliwapa hifadhi Wakristo waliofukuzwa kwingine.

Kabla ya kulipa ada

Kwanza, hakikisha chuo kinatambuliwa. Kwa Tanzania, uliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kabla ya kutuma hata senti. Vyuo bandia vipo.

Pili, jua ada yote hadi mwisho, na inalipwa kwa fedha gani. Shilingi ikishuka, ada ya paundi hupanda. Ongeza gharama za intaneti.

Tatu, uliza kama kuna vipindi vya lazima kwa saa maalumu. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni Uingereza, wakati wao wa baridi, kwetu ni saa tatu usiku.

Nne, jijaribu bure. Kamusi kubwa ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyoanza mwaka 1995, husomwa bila malipo, ingawa ni kwa Kiingereza. Soma makala moja kila wiki kwa miezi mitatu. Ukiona unaisubiri siku hiyo kwa hamu, hapo fikiria ada.

Tano, ongea na mumeo kabla, si baada. Kubalianeni ni jioni zipi ni zako, nani atawalaza watoto, na fedha itatoka wapi. Masomo yanayofanywa kwa kujificha huzaa ugomvi. Wala usiyajenge juu ya usingizi wako peke yako, kwani mwili una mpaka wake.

Tukirudi kwa swali la baba: falsafa italeta nini? Huenda isilete mshahara mpya, na ni vyema kumwambia ukweli huo mapema. Italeta mama anayesikiliza hoja hadi mwisho kabla ya kujibu. Basi vuta kiti kingine, mwambie akae, umsomee aya moja ya insha yako. Huenda akakupinga. Akifanya hivyo, darasa limeanza.