Tembe ukingoni, hatari kilindini: Dawa ambazo mzamiaji hapaswi kuzificha

GARISSA iko mamia ya kilomita kutoka Mombasa, na wengi hudhani kuwa uzamiaji ni kazi ya watu wa pwani pekee. Hata hivyo, Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote nchini, hupita kando ya mji huo. Mabwawa ya upande wa juu, likiwemo la Masinga, yanapofurika, maji hufunika mashamba na kukata barabara.

Mnamo Aprili 28, 2024, wakati wa mafuriko, mashua iliyokuwa imebeba abiria ilipinduka Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo. Watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa maji. Katika mikasa ya aina hii, jamaa husimama ukingoni wakisubiri, na kila mwenye ujuzi wa kupiga mbizi huhimizwa aingie majini upesi. Ni nadra mtu kuulizwa swali moja muhimu: umemeza dawa gani leo?

Swali hilo lina uzito kwa sababu maji hubadili mazingira ya mwili. Kila mita 10 za kina humwongezea mzamiaji shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufuoni. Hewa iliyomo masikioni na mapafuni hubanwa anaposhuka na hutanuka anapopanda. Badiliko kubwa zaidi hutokea karibu na uso wa maji, kwa hiyo mto usio na kina kirefu si kinga.

Kuhusu kumeza tembe ukiwa majini, jambo hilo linawezekana, kwani koo humeza hata chini ya maji. Lakini mzamiaji hulazimika kuondoa mdomoni kifaa cha kupumulia, na tone moja likipenya njia ya hewa, kikohozi kinaweza kumfanya avute maji mapafuni. Isitoshe, tembe huchukua muda kabla ya kuanza kufanya kazi. Anayehisi kuwa anahitaji dawa akiwa chini anapaswa kupanda juu kwa utaratibu pamoja na mwenzake, kisha atibiwe nje ya maji.

Hatari iliyo kubwa zaidi hutokana na dawa iliyomezwa mapema. Kaskazini Mashariki ni eneo kame, ila mvua kubwa huleta mbu. Baada ya mvua za El Nino, malaria ililipuka Wajir mwaka 1998 na kuua watu wengi. Kwa sababu hiyo, waokoaji wanaotoka maeneo yasiyo na malaria huweza kupewa dawa za kinga kabla ya kufika huko.

Mojawapo ya dawa hizo ni meflokwini, ambayo humezwa mara moja kwa wiki. Huweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na kuchanganyikiwa. Mwaka 2013, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba kizunguzungu na kupoteza usawa wa mwili huenda vikadumu muda mrefu, na kwa baadhi ya watu visiishe kabisa. Katika maji ya Tana yaliyojaa tope, ambamo mzamiaji haoni hata mkono wake, kizunguzungu humfanya asijue juu ni wapi.

Katika kina kirefu tatizo huongezeka. Gari lililozama katika kivuko cha Likoni Septemba 2019 lilipatikana umbali wa takriban mita 58 chini ya maji. Anayepanda haraka kutoka kina kama hicho huweza kupata ugonjwa unaosababishwa na viputo vya naitrojeni mwilini, ambao dalili zake ni pamoja na kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Daktari atashindwa kutofautisha ugonjwa huo na madhara ya tembe. Aidha, kuacha meflokwini siku moja kabla ya kuzamia hakusaidii, kwa kuwa hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wazamiaji hushauriwa kumwomba daktari kinga nyingine, kama vile doksisaiklini.

Dawa za mafua nazo si za kupuuzwa. Zile za kuzibua pua hufanya kazi kwa saa chache tu. Nguvu yake ikiisha mzamiaji angali chini, njia ya hewa ya sikio huziba tena, na hewa iliyonaswa hutanuka anapopanda, hata kupasua kiwambo cha sikio. Nyingine huleta usingizi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini hukabiliwa na hatari ya sukari kushuka ghafla, hasa akiwa amefunga mwezi wa Ramadhani. Miongozo ya wazamiaji humtaka apime sukari mara tatu katika saa ya mwisho kabla ya kuzamia, na awe na glukosi mkononi. Dalili zikianza, hupanda juu, hujielekeza kwenye kuelea, hula glukosi na kutoka majini. Mwenye pumu naye hawezi kutumia kipulizi chake chini ya maji, ilhali mirija ya mapafu ikibana, hewa hunaswa humo na mapafu huweza kupasuka anapopanda.

Miraa haiuzwi katika duka la dawa, lakini kilichomo ndani yake huenda mwilini kama dawa. Huharakisha mapigo ya moyo, hupandisha presha na kuficha uchovu. Aliyekesha akitafuna huingia majini akijiona ana nguvu ambazo mwili wake hauna.

Haya yote hayamaanishi kwamba mgonjwa aache dawa alizoandikiwa ili aruhusiwe kuzamia. Kufanya hivyo kunaweza kuwa hatari kuliko dawa zenyewe. Linalotakiwa ni kumwona daktari mapema, kujaribu dawa mpya nchi kavu kwa siku kadhaa kabla ya kuitumia majini, na kumweleza kiongozi wa kikosi kila kilichomezwa. Kiongozi naye ampokee anayesema ukweli bila kumdhihaki. Mzamiaji anayebaki ukingoni kwa sababu ya dawa bado anaweza kushika kamba, na kikosi hakitalazimika kumtafuta yeye pia.