Hofu ya munganga wa meno na maombi yetu

Juma hili hatuleti fundisho juu ya zaka wala juu ya ndoa. Tunaleta neno juu ya meno. Wengine watacheka, lakini mtu ambaye hajalala usiku tatu kwa ajili ya jino hacheki. Katika maombi ya usiku tunawaona washirika wakija mbele wameshika shavu. Tunawawekea mikono, tunaomba, kisha tunawauliza: je, mmefika kwa munganga? Wengi wanajibu sawasawa: hapana, tunaogopa.

Hofu hii ina mizizi. Wazee wetu wengi walitolewa jino bila dawa yoyote ya kuzuia maumivu, wanaume wawili wakiwashika mabega. Mtoto aliyesikia kilio kile nje ya mlango alikua nacho moyoni. Tena kuna mama anayemwambia mtoto, "Usiponyamaza nitakupeleka kwa munganga akupige sindano." Mama, tunakusihi, acha neno hilo. Sindano si fimbo ya kumwadhibu mtoto.

Halafu kuna maneno ya kartie: kwamba jino la juu likitolewa, jicho linapofuka. Mishipa inayosikia maumivu ya meno ya juu na ile ya kuzunguka jicho ni matawi ya shina moja. Ndiyo sababu jino la juu likiuma unaweza kusikia mpaka kwenye jicho. Lakini mshipa wa kuona ni mwingine kabisa, nao haupiti kwenye meno. Munganga akitoa jino hagusi macho yako.

Wengine wanaamini kwamba ndani ya jino kuna mdudu, na sokoni kuna watu wanaomtoa mdudu huyo kwa franga. Jino lina tundu, ni kweli, lakini halikutobolewa na mdudu. Kinywani mna vijidudu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Tukila vitumbura, tukinywa fanta au chai yenye sukari nyingi, vijidudu hivyo vinageuza sukari kuwa asidi, na asidi inakula ganda gumu la jino pole pole. Ganda hilo likishatoboka halioti tena. Tundu linashuka, na likifika kwenye mshipa ulio katikati ya jino, ndipo usiku unakuwa mrefu.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mara nyingi jino linauma sana siku kadhaa, kisha maumivu yanakatika ghafula. Mtu anafurahi, anasimama siku ya Yenga kutoa ushuhuda. Sisi tunaamini kwamba Mungu anaponya, hata leo, na hatutamnyamazisha mtu anayemshukuru Mungu. Lakini wanganga wanatufundisha kwamba maumivu yanaweza kukatika kwa sababu mshipa wa jino umekufa. Wakati huo ugonjwa haujaondoka. Unaendelea kimya kwenye mzizi, unafanya usaha katika mfupa, na baada ya majuma au miezi shavu linavimba. Kwa hiyo, mpendwa, ukitoa ushuhuda, nenda kaonyeshe pia lile jino. Wale wenye ukoma ambao Bwana aliwaponya katika Luka 17 aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Uponyaji wa kweli hauogopi kuchunguzwa.

Wengine wanatuuliza: je, kwenda kwa munganga si kukosa imani? Wanatuonyesha mfalme Asa katika 2 Nyakati 16, aliyeugua miguu akawatafuta waganga. Someni sura nzima. Asa alikuwa amekwisha kumwacha Bwana na kumtegemea mfalme wa Shamu, tena nabii aliyemwonya alimtia gerezani. Kosa lake ni kumweka Bwana pembeni. Mwangalieni Hezekia katika 2 Wafalme 20. Alilia, akaomba, Mungu akasikia na kumwongezea miaka 15. Ombi lilikuwa limekwisha kujibiwa, hata hivyo Isaya aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu lake. Na Luka, aliyetembea na Paulo, alikuwa munganga, wala hatusomi popote kwamba aliambiwa aache kazi ile.

Hapa kwetu Kivu tuna mfano wa karibu zaidi. Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu. Amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hampi na dawa. Baba akamweleza kwamba yeye kazi yake ni kuomba, dawa ni kazi ya wanganga. Mtoto yule akaamua kuwa munganga. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999, iko chini ya kanisa la Kipentekoste, CEPAC. Kama kanisa limejenga hospitali, kwa nini mshirika aone haya kuingia?

Basi, ni nini kinachotokea ukiingia? Kwanza munganga anaangalia tu, kwa kioo kidogo na taa. Kama jino ni la kutoa, anachoma sindano ya ganzi kwenye ufizi. Dawa inayotumika sana ni lidokaini, iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943 (nchi ile ile walikotoka wamisionari wa Kipentekoste waliokuja kwetu Kivu). Sindano inauma kwa nukta chache. Moyo unaweza kupiga haraka kidogo, kwa sababu mara nyingi dawa hiyo huchanganywa na adrenalini. Hiyo inapita. Kisha mdomo unakuwa mzito kama si wako. Wakati wa kutoa utasikia kusukumwa na kuvutwa, hilo tusiwadanganye, lakini uchungu mkali haupaswi kuwapo. Ukiusikia, inua mkono, munganga ataongeza dawa.

Lakini jueni hili: pale penye usaha na uvimbe, ganzi haishiki vizuri. Anayengoja mpaka shavu livimbe, kwa sababu anaogopa uchungu, ndiye atakayeukuta uchungu. Anayeenda mapema pengine atazibiwa tundu tu, arudi na jino lake. Bei nayo inakuwa ndogo. Uliza bei mbele ya kukaa kwenye kiti, hakuna aibu, na mama wa likilimba wanaweza kupanga zamu kwa ajili ya jambo hili pia.

Kunywa amoksisilini mbili za farmasi na kuacha hakuzibi tundu. Kanyanga mdomoni haiponyi kitu, na tunashangaa jinsi jino linavyompa ruhusa hata mtu ambaye hajaionja tangu ubatizo. Maji ya betri yanaunguza ufizi na ulimi. Msithubutu.

Juu ya hofu yenyewe, tumtazame Bwana wetu Getsemane, Marko 14. Hakuificha huzuni yake. Aliwaambia rafiki zake jinsi moyo ulivyokuwa mzito, akawaomba wakae karibu naye. Nawe fanya hivyo. Mwambie munganga tangu mlangoni, "Mimi ninaogopa." Mpatane ishara ya mkono ya kumsimamisha. Nenda asubuhi, ili hofu isikutafune mchana kutwa. Kula kwanza, maana tumbo tupu na hofu huangusha watu. Pumua pole pole. Na usiende peke yako. Mueleze pia kama una mimba, sukari, presha, au dawa inayokudhuru.

Kuna hali isiyongoja siku ya pili: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, homa, kinywa kisichofunguka, kushindwa kumeza au kupumua. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku. Tutamwombea njiani, ndani ya gari au juu ya moto.

Ukishatolewa jino, uma pamba kwa nusu saa. Siku hiyo usiteme mate kwa nguvu wala kusukutua, ili damu iliyoganda isitoke kwenye shimo. Usile kitu cha moto mpaka ganzi iishe. Kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Washirika wenye jino linalouma wampe shemasi wa kartie majina yao siku ya Yenga baada ya ibada. Kikundi cha maombi kitawaombea, na kila mmoja atapewa mtu wa kumsindikiza na kumngoja mpaka atoke.