FEZA YA NYUNDO: Namna ya kutambua na kuchunga peni za zamani za Uingereza



Katika masomo ya historia tunajifunza majina ya wafalme wa Ulaya na miaka yao, na nyuma ya examen tunayasahau yote. Lakini kuna kitu kimoja kidogo sana, upana wake milimetri 18 ao 20 tu, ambacho kinaweza kufundisha mutu kuliko orodha ndefu ya majina. Ni peni ya feza ya Uingereza wa Miaka ya Katikati, ile iliyopigwa kwa nyundo.

Mutu atauliza: "Sisi wa Kongo tuna faida gani na franga za wafalme wa mbali?" Faida ziko mbili. Ya kwanza, franga ni barua: mwenye kujua kuisoma anaona mufalme, muji, fundi na hata wizi wa wakati ule. Ya pili, sheria za kuchunga peni hii ni zilezile za kuchunga kila kitu cha zamani, hata kile kinacholala katika sanduku la babu yako. Mwenye kukisugua ili king'ae anafuta barua yenyewe.

1. PENI NI FRANGA GANI?

Katika Kiswahili chetu neno "feza" lina maana mbili: madini meupe, na vilevile franga za kununulia vitu. Kwa Waingereza wa wakati ule maana hizo mbili zilikuwa karibu kitu kimoja. Peni ilikuwa na bei kwa sababu ya uzito wa feza iliyokuwa ndani yake, siyo kwa sababu ya namba iliyoandikwa juu yake. Na kweli, hakuna namba juu yake.

Mufalme Offa wa Mercia (757-796) anajulikana sana kwa peni zake nzuri. Tangu siku zake, karibu miaka 500, peni ilikuwa karibu franga peke yake ya Uingereza. Peni 12 zilifanya shilingi moja, shilingi 20 zilifanya pauni moja. Basi pauni ilikuwa peni 240. Lakini shilingi na pauni zilikuwa za hesabu tu, mutu hakuweza kuzishika mukononi. Hesabu hiyo ya 12 na 20 ilidumu paka tarehe 15 Februari 1971.

Kwa kuandika peni, Waingereza waliweka herufi "d". Ilitoka katika neno denarius, franga ya Waroma. Ndiyo sababu Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaita "peni" ule mushahara wa siku moja wa watu wa shamba la mizabibu (Matayo 20), pahali Biblia za Kiswahili zinaandika "dinari".

Feza yenyewe iliitwa sterlini: katika sehemu 1000, sehemu 925 ni feza safi, na zinazobaki ni shaba zaidi. Shaba inatiwa ili kipande kipate nguvu, maana feza safi ni laini sana.

2. ILITENGENEZWA NAMNA GANI?

Fundi aliponda feza paka ikawa bamba jembamba, kisha akalikata katika vipande vidogo vya mviringo. Alikuwa na chapa mbili za chuma. Chapa ya chini ilikuwa na mukia wenye ncha, ikapigiliwa katika gogo la mti. Chapa ya juu aliishika kwa mukono. Aliweka kipande katikati ya chapa mbili, akapiga nyundo: paa! Kichwa cha mufalme kilitokea upande mmoja, musalaba upande mwingine.

Kwa kawaida kichwa cha mufalme kilikuwa kwenye chapa ya chini. Chapa ya juu, yenye kupokea nyundo, ndiyo iliharibika mbio zaidi. Kwa hiyo chapa nyingi za juu zilitengenezwa kwa chapa moja ya chini.

Hapa tunapata alama ya kwanza ya kutambua: hakuna peni mbili zinazofanana kabisa. Moja ina pembe kidogo, ingine picha yake imekwenda kando, ingine nyundo imepiga mara mbili na mufalme ana pua mbili. Siyo makosa ya kudharau. Ni alama ya mukono wa mutu. Franga za mashini zilijaribiwa chini ya malkia Elizabeth I, kati ya 1561 na 1571, na tangu 1662, chini ya Charles II, mashini ilishika kazi kabisa.

3. MASWALI MANNE YA KUULIZA PENI

Usianze kwa kutazama uso wa mufalme. Uso ule siyo picha ya kweli. Ni alama tu: macho mawili, nywele pembeni, taji. Picha ya kweli ya mufalme ilikuja paka na Henry VII, mwanzo wa miaka ya 1500. Usitafute tarehe vilevile, haiko. Chukua lupu, kaa penye mwangaza wa kutoka kando, na uulize hivi:

(a) Musalaba uko namna gani?
- Musalaba mufupi wa mistari miwili, usiofika ukingoni: ni wa 1180 paka 1247.
- Musalaba murefu wa mistari miwili, unaofika paka ukingoni: ni wa 1247 paka 1279.
- Musalaba murefu wa mustari mumoja mupana, na matone matatu katika kila pembe (yote 12): ni tangu 1279, Edward I na wenye kumufuata.

(b) Jina ni la nani? Herufi ni za Kilatini, na U inaandikwa V. Hapa kuna mutego mukubwa. Peni za musalaba mufupi zote zinasema HENRICVS, ni kusema Henry. Lakini Henry II alikufa mwaka 1189, kisha wakatawala Richard I na John. Hao wawili hawakubadilisha jina kwenye peni hizo! Basi peni ya John inasema Henry. Mwenye kusoma jina tu anadanganyika. Inafaa kusoma pia jina la fundi na namna ya herufi.

Kwa Edward I tunasoma EDW R ANGL DNS HYB: Edward, Mufalme wa Uingereza, Bwana wa Irlandi. Jina likiwa refu zaidi, EDWA ao EDWAR, mara nyingi ni mwisho wa Edward I ao ni Edward II.

(c) Ilipigwa wapi? Geuza peni. Mbele ya 1279 unakuta jina la fundi, neno ON, na muji. Kwa mufano: WILLELM ON LVNDE, ni kusema William wa London. Nyuma ya 1279 jina la fundi linatoka, muji unabaki: CIVITAS LONDON, CIVITAS CANTOR (Canterbury), CIVITAS EBORACI (York).

(d) Ina uzito gani? Peni ilizidi kuwa nyepesi kwa miaka. Uzito wa sheria ulikuwa karibu hivi:
- 1279, Edward I: gramu 1,44
- 1351, Edward III: gramu 1,17
- 1412, Henry IV: gramu 0,97
- 1464, Edward IV: gramu 0,78

Ona vizuri: katika miaka 185 peni ilipoteza karibu nusu ya feza yake, lakini jina lake lilibaki peni. Wazazi wetu walioona zaïre ikianguka katika miaka ya 1990 hawatashangaa. Jina la franga linaweza kubaki pahali pake wakati nguvu yake inakwenda.

Mukipata kipande kikubwa zaidi cha peni nne, kinaitwa groti. Groti za Edward III tangu 1351 zina mustari wa nje wenye maneno ya Kilatini POSVI DEVM ADIVTOREM MEVM: nimemuweka Mungu kuwa musaidizi wangu.

4. WIZI WA MAKASI

Kwa sababu bei ilikuwa katika feza yenyewe, wezi walikata ukingo wa peni kidogo kidogo kwa makasi, wakayeyusha vipande, na peni iliyopunguka wakaitumia kama nzima. Ndiyo sababu moja ya kuufikisha musalaba paka ukingoni mwaka 1247: musalaba ukikatwa ncha zake, kila mutu anaona.

Watu wenyewe walikata peni kwa njia ya haki vilevile. Mbele ya 1279, kwa kawaida hakukuwa franga ndogo kuliko peni. Mwenye kutaka nusu alikata peni katikati kwa kufwata musalaba. Mwenye kutaka robo alikata tena. Basi nusu ya peni siyo kitu kilichovunjika. Ni franga kamili ya soko la siku zile.

Malipizi yalikuwa makali. Mwisho wa mwaka 1124 na mwanzo wa 1125, Henry I aliwaita mafundi wa franga kwa sababu peni zilikuwa mbaya, na wengi walikatwa mukono wa kuume. Mwaka 1278 Edward I aliwafunga mamia ya Wayahudi wa Uingereza kwa shitaka la kukata franga. Wakristo walishitakiwa vilevile, lakini Wayahudi walionyongwa walikuwa wengi kuliko wao mara nyingi. Mwaka 1290 Wayahudi wote walifukuzwa katika inchi. Tukishika peni nzuri ya 1279 tukumbuke jambo hilo pia: franga safi ilizaliwa pamoja na damu ya watu wengi, na shitaka liliangukia zaidi wale waliokuwa hawana mutetezi.

5. YA KWELI AO YA UONGO?

Sterlini ilipendwa sana kule ng'ambo, zaidi katika inchi zilizonunua manyoya ya kondoo ya Uingereza. Mwaka 1908, katika muji wa Bruxelles, walikuta hazina ya vipande vya feza karibu 150,000 vilivyofichwa katika miaka ya 1260, na makumi ya maelfu yalikuwa peni za Uingereza. Watawala wa pande zile za Ubelgiji na Luxembourg walipiga franga za kufanana na peni, lakini nyingi zilikuwa na feza mbaya ao nyepesi. Nyingine zinaonyesha kichwa kisicho na taji. Edward I alizikataza mwaka 1299.

Kuna pia uongo wa siku zetu, wenye kuuzwa kwa watalii. Angalia hivi:
- Sumaku ikivuta kipande, siyo feza.
- Ukiona mustari wa kuunganisha kwenye ukingo, ao vitundu kama vya povu, kipande kilimwagwa katika kalibu. Hakikupigwa nyundo.
- Ukiona vipande viwili vinafanana hata kwa mipasuko, angalau kimoja ni cha uongo. Nyundo haifanyi mapacha.
- Uzito ukiwa mbali sana na ule wa sheria, uliza zaidi.

6. KUCHUNGA

Sheria ya kwanza: USISUGUE. Sheria ya pili: usisahau ya kwanza.

Feza inakuwa nyeusi kwa sababu ya sulfuri iliyo katika hewa. Weusi ule ni ngozi nyembamba iliyotoka katika feza yenyewe. Ukisugua na majivu, muchanga, ndimu ao dawa ya meno, unaondoa feza pamoja na weusi. Na kumbuka, herufi zile zina urefu mudogo sana. Kazi iliyodumu miaka 700 unaimaliza kwa dakika mbili, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Tena:
- Shika peni kwa ukingo, na vidole viwili, juu ya kitambaa laini. Jasho la mikono lina chumvi.
- Ikiwa na udongo, ilaze katika maji yaliyotoneshwa (eau distillée), kisha uikaushe kwa kuigusa tu na kitambaa.
- Ikiwa imepinda, usiinyooshe. Feza ya zamani inavunjika kama biskuti. Zaidi ya hiyo, watu wa Miaka ya Katikati walipinda peni kwa kuweka naziri kwa mutakatifu, ili mugonjwa apone. Ukiinyoosha, unafuta ombi la mutu.
- Usiiweke katika mufuko wa plastiki laini wa PVC: unatoa maji ya kijani yanayokula chuma. Usitumie elastiki, wala gazeti, wala kitambaa cha manyoya. Vyote vinaweza kuwa na sulfuri. Karatasi safi isiyo na asidi inafaa, pahali pakavu.
- Andika karatasi yake: uzito, upana, maneno yanayosomwa, na pahali ilipookotwa. Peni bila habari zake ni kama mutoto asiyejua ukoo wake.

Kule Uingereza jambo hili liko katika sheria. Kwa sheria ya mwaka 1996, mutu akikuta pamoja vipande viwili ao zaidi vya feza vyenye miaka zaidi ya 300, inafaa autangazie utawala katika siku 14. Wanataka kujua habari za udongo mbele ya bei ya soko.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Peni inasema HENRICVS, na musalaba wake ni mufupi. Ni wafalme gani wanne wanaoweza kuwa wenye kuipiga?
2. Peni ya Edward I ina gramu 1,10, na ncha za musalaba hazionekani. Ilifanywa nini?
3. Rafiki yako amepata franga nyeusi ya zamani katika sanduku la babu, na ameisha kuchukua majivu. Utamuambia nini mbele hajaanza?

Swali la tatu ndilo kubwa. Mwenye kulijibu mbio ameelewa habari yote.