Dar–Mtwara kwa pikipiki: Kivuko hakipo tena, Fundi atasema nini?

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Mtwara kwa pikipiki, kwanza anacheka, halafu anakuuliza unamkimbia nani. Mabasi yapo, alfajiri unapanda, jioni umefika. Kilomita zaidi ya 550 juu ya kiti cha pikipiki, huo mgongo utabaki?

Basi Septemba 2024 tulikwenda, tena watu wazima watatu: mimi, mshikaji wangu mmoja mwalimu wa historia, na fundi wetu wa pikipiki wa Temeke. Huyu nitamwita Fundi tu, maana kukubali niandike amekubali, ila jina kakataa katakata.

Safari yenyewe ilikuwa ya Fundi. Kwao ni Mikindani, na tangu katikati ya miaka ya tisini alikuwa hajakanyaga. Masika ya 2001 aliletewa habari kuwa mama yake anaumwa na anamtaka. Akapanda gari. Enzi hizo Rufiji unauvuka kwa kivuko, na mto ukifura hakuna cha kivuko wala nahodha. Jamaa akalala ng'ambo ya huku siku tatu, hela ya kula ikamwishia, akageuza. Wiki mbili baadaye mama akafariki. Toka hapo hela kwa mzee anatuma, sura hapeleki.

Wewe msomaji uliyezaliwa juzi huwezi kuamini barabara ile ilivyokuwa. Masika abiria wanashuka kusukuma basi, wanalala porini, kesho wanasukuma tena. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, refu karibu kilomita moja, watu tukadhani yameisha. Wapi! Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kumeza malori miaka mingi baadaye. Fundi akawa anasema, "Ngoja lami ikamilike." Lami ikakamilika. Akasema ngoja mvua zipungue. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, mafuriko yakaikata barabara maeneo ya Somanga, akapata la kusema tena. Mwalimu akamshukia: "Sasa unangoja nini kingine, gharika ya Nuhu?"

Ndiyo ikawa pona yake. Tukajaza wese, tukafunga mizigo kwa mipira, huyooo.

Mpaka Ikwiriri hakuna cha kuhadithia, ni vumbi la malori na jua la utosi. Ila tulipomaliza daraja, Fundi aliegesha pembeni, akaenda kusimama kuutazama mto. Maji ya Septemba ni kidogo, michanga imejitokeza. Alivuta sigara nzima bila neno. Na sisi tukajifanya tunakagua cheni.

MATUMBI SI MCHEZO

Usiku tukalala Somanga, samaki wa kukaanga moto kabisa. Asubuhi Mwalimu akaleta zake: lazima apite Nandete, kule walikong'oa pamba ya Mjerumani mwaka 1905 na Vita vya Maji Maji vikaanza. Njia Nne tukaacha lami, tukashika ya Kipatimu.

Jamani, msitu! Unaacha upepo wa bahari nyuma, muda si mrefu miti imekufunika, jua linachungulia kwa shida, ngedere wanakuzomea juu. Njia ni udongo mwekundu, mawe na makorongo, mteremko mwingine unashuka umezima injini na umekanyaga breki zote. Pahala pamoja tukakuta mavi ya tembo bado yanafuka. Kijana mmoja mwenye baiskeli na tenga la machungwa akatuasa, "Msipige honi, wakubwa. Mkimwona, zimeni mkae kimya." Mwalimu, ambaye njia nzima alikuwa anahutubia, hatukumsikia tena hadi Kipatimu.

Kurudi ndipo alipoteleza. Pikipiki ikamlalia mguu, kiatu kikachanika, kisigino damu. Mzee mmoja wa shamba la jirani akaja na maji ya kunawa na machungwa, hakutaka hata senti. Mkono wa klachi ulikuwa umevunjika. Fundi akaufunga kwa waya na kipande cha bomba la baiskeli, nusu saa tukaendelea. Nikawaza, mtu huyu hashindwi na njia yoyote. Na nadhani naye alikuwa anawaza hivyo hivyo, maana kuanzia hapo hakucheka.

Kilwa Masoko tukalala, magofu ya Kisiwani tukayaona ng'ambo tu, siku nyingine panapo majaaliwa. Lindi bahari inakufungukia ghafla, unasahau maumivu ya kiuno. Tukala pweza, tukachapa mwendo.

Mikindani tuliingia saa tisa alasiri, kati ya nyumba zile kuukuu za mawe. Mzee alikuwa barazani anashona wavu. Fundi akavua kofia ngumu, akachutama.

"Shikamoo, baba."

Mzee akavuta uzi, akakaza fundo, akalikata. Ndipo akainua macho.

"Marahaba. Kivuko kimepatikana?"

Hakuna aliyecheka. Fundi aliinamisha kichwa akabaki vile vile, nami sikujua nitazame wapi. Mzee akaita ndani, "Leteni chai, kuna wageni," akaendelea na wavu wake. Tukanywa kimya.

Baada ya Alasiri mzee akatoka na kanzu safi na kofia. Akaizunguka pikipiki, akabonyeza kiti.

"Hii inabeba wawili?"

"Inabeba, baba."

"Basi nipeleke kwa mama yako."

Fundi akamvisha ile kofia ngumu juu ya kofia yake ya kitambaa, akamfunga mkanda chini ya ndevu, mikono inamtetemeka. Sisi tukabaki barazani na vikombe. Waliondoka kwa gia ya kwanza, na mpaka wanapotelea kwenye minazi hakuibadilisha.