The Zawose Queens

The Zawose Queens ni kundi la muziki wa Wagogo kutoka Bagamoyo, nchini Tanzania. Waimbaji wake wakuu ni Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa mwanamuziki Hukwe Zawose (1938-2003). Muziki wao una asili Ugogo, mkoani Dodoma, eneo ambalo wilaya ya Chamwino ni sehemu yake.

Kwa desturi ya Wagogo, wanawake hupiga ngoma za muheme, lakini zeze na ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) zilikuwa za wanaume. Katika kundi la ukoo wao, wanawake walikuwa waitikiaji. Kwenye albamu yao ya kwanza, *Maisha* (2024), Pendo na Leah ndio wanaoongoza nyimbo na kupiga ala hizo.