Mwana Hiti, Sanamu ya Kale ya Wazaramo

Wasikilizaji wetu, leo twataka kunena habari za sanamu ndogo ya mti ambayo zamani haikujulikana sana nje ya Uzaramo na jirani zake, na ambayo sasa watu wa Ulaya na Marekani huinunua kwa fedha nyingi. Jina lake ni mwana hiti. Mabibo, kabla haijamezwa na mji wa Dar es Salaam, ilikuwa nchi ya mashamba ya Wazaramo, na huenda msikilizaji wa huko bibi yake anayo moja sandukuni.

Urefu wake kwa kawaida haupiti shibiri. Haina mikono wala miguu. Ni kiwiliwili kama kigogo, chenye kitovu na matiti madogo, na juu yake kichwa chenye nywele za vishungi viwili. Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akapewa sanamu hiyo aitunze kama mtoto wake, aioshe na kuipaka mafuta. Asiyekuwa na ya mti alipewa ya kibuyu au gunzi la hindi. Ile ya mti ilirithiwa katika ukoo, ikapita mikononi mwa wali wengi. Bibi Marja-Liisa Swantz, mtaalamu kutoka Ufini aliyefanya uchunguzi wake Bunju tangu 1965 hata 1970, ameyaandika mambo hayo kwa urefu. Sura ile ile ilichongwa pia juu ya bakora za wakubwa na nguzo za makaburi.

Sasa, mkusanyaji hodari hutazama nini? Sanamu ya kweli hung'aa pale iliposhikwa, shingoni na kiunoni, na mafuta ya miaka mingi yameingia ndani ya mti. Mjanja huchukua iliyochongwa jana, akaifukiza moshi, akaizika udongoni, kisha akaisugua mafuta. Lakini weusi wake huwa sawasawa pote, hata katika pembe ambazo kidole hakifiki. Mkono wa mwali hauchakazi mti namna hiyo!

Hatari kubwa ni ya ile ya kweli. Mchuuzi hufika kijijini, hulipa shilingi chache, huenda zake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kutoa vitu vya kale nje ya nchi pasipo ruhusa, lakini sheria haiwezi kurudisha habari. Sanamu ikiondoka bila ya kuandikwa ilikuwa ya ukoo gani, na nani aliichonga, kilichobaki ni kipande cha mti kilichochongwa vizuri. Vingi vilivyochukuliwa zamani za Wajerumani vimekaa hivyo katika makumbusho ya Ulaya, havina jina la fundi.

Basi, kabla hujamkabidhi mtu yeyote, hata jamaa, twaa karatasi uandike majina ya walioishika, kijiji, na wakati kwa kukadiri, mathalan "kabla ya vita vya 1914". Mwenye shaka na aulize katika Nyumba ya Makumbusho, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1940. Ipo Mtaa wa Shaaban Robert.