GEJI YA TEMPERECHA BAADA YA KUBADILISHA INJINI: MAELEZO KWA WENYE VYOMBO VYA MOTO



Kubadilisha injini ya gari si jambo geni tena nchini. Injini iliyochoka hutolewa, ikatiwa nyingine iliyokwisha kutumika, na gari likaendelea na kazi. Hata hivyo, mara nyingi gari hutoka gereji likiwa linakwenda vizuri, lakini mshale wa geji ya temperecha umelala chini wala hauinuki. Mwenye gari huliona jambo hilo kuwa dogo. Makala haya yanaeleza kwa nini si dogo, na namna ya kulirekebisha.

HASARA INAYOWEZA KUTOKEA

Tuchukue mfano wa Ubaruku, Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Eneo hilo limo katika bonde la Usangu, ambako hulimwa sehemu ya mpunga unaotufikia masokoni kwa jina la mchele wa Mbeya. Bonde liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi kidogo ya mita 1,000. Lori linalotoka huko kwenda Dar es Salaam hupanda hadi Makambako, penye zaidi ya mita 1,600; na likirejea na shehena ya bidhaa hukabiliana na mlima wa Kitonga. Katika mpando wa namna hiyo injini hufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, upepo unaopita kwenye rejeta hupungua, na joto hupanda haraka. Dereva asiye na geji hupata habari pale tu anapouona mvuke. Kufikia hapo huenda gasketi imekwisha kuungua na silinda hedi imepinda, na injini iliyonunuliwa juzi ikawa haifai tena.

Kisiwani petu hatuna milima mirefu. Lakini foleni ya Darajani wakati wa mchana huleta matokeo yale yale: injini inanguruma, gari halisogei, na upepo wa kuipoza rejeta haupo.

JINSI GEJI INAVYOFANYA KAZI

Geji ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mshale ulioko kwenye dashibodi. Ya pili ni sensa, kipande kidogo kilichofungwa kwa hesi katika njia ya maji ya injini, mara nyingi karibu na thamostati. Ndani ya sensa mna kitu kinachozuia umeme, na kizuizi hicho hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Maji yakiwa baridi umeme hupita kidogo na mshale hubaki chini. Yakipata moto umeme hupita kwa wingi na mshale hupanda. Katika sensa yenye waya mmoja, umeme huo hurudi kwenye betri kwa kupitia mwili wa injini yenyewe.

SABABU TATU ZA KAWAIDA

(a) Waya umefungwa pasipo pake. Injini nyingi za siku hizi zina sensa zaidi ya moja. Yenye waya mmoja aghalabu ndiyo ya geji. Yenye waya mbili huwa ya kompyuta ya injini. Na huenda ikawapo swichi ya feni. Zinafanana, na ni rahisi kuzichanganya.

(b) Njia ya kurudishia umeme imekatika. Waya mnene wa ethi unaounganisha injini na chesisi huenda haukurejeshwa, au hesi za sensa zimezungushiwa utepe mwingi wa kuzibia maji hata chuma hakigusani na chuma.

(c) Sensa na geji hazipatani. Hili ndilo lililofichika kuliko yote. Kwa mfano, Land Rover kuukuu iliyotiwa injini ya dizeli ya Isuzu huwa na geji ya kiwanda kimoja na sensa ya kiwanda kingine. Mshale utainuka, na mwenye gari ataridhika. Lakini unaweza kuonyesha salama ilhali maji yanakaribia kuchemka.

NAMNA YA KUPIMA

1. Kagua fyuzi, kisha kagua waya wa ethi.

2. Chomoa waya wa geji kwenye sensa. Fungua swichi bila ya kuwasha injini. Mshale utulie upande wa baridi.

3. Gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma safi cha injini kwa sekunde chache tu. Mshale ukipanda upande wa moto, geji na waya ni vizima. Kasoro imo kwenye sensa au ethi yake. Usipopanda, kasoro imo kwenye waya au geji. Usiuache waya hapo kwa muda mrefu.

4. Katika Land Rover nyingi za zamani, geji ya temperecha na ya mafuta hupokea umeme kupitia kifaa kimoja cha kuusawazisha. Zote mbili zikikosea pamoja, kishukiwe kifaa hicho.

Kipimo cha tatu kisifanywe kwenye magari ambayo geji yake huongozwa na kompyuta. Hayo yapelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

DAWA YAKE

Njia iliyo bora ni kuihamishia sensa ya zamani kwenye injini mpya, ili ikae na geji iliyozaliwa nayo. Hesi zikitofautiana, fundi wa kukereza vyuma aweza kutengeneza kiungo cha shaba. Njia ya pili ni kununua geji inayopatana na sensa ya injini mpya. Kuunga kizuizi kwenye waya ili mshale ukae katikati, bila ya kupima, ni kuyaridhisha macho tu.

Baada ya hapo geji ithibitishwe. Sensa itiwe ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mwili wake uungwe kwenye ethi, maji yapashwe moto, na mahali pa mshale patiwe alama. Injini nyingi hufanya kazi vizuri baina ya digrii 80 na 95 za Selsiasi. Izingatiwe kwamba maji huchemka kwa digrii 100 hapa pwani, lakini Ubaruku huchemka baina ya 96 na 97, na Mbeya mjini karibu na 94. Kwa hiyo kipimajoto kisiachwe kwa kutegemea mchemko peke yake. Sababu hiyo hiyo inafanya kifuniko cha rejeta kiwe muhimu, kwani ndicho kinachozuia mgandamizo ili maji yasichemke mapema. Kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

TAHADHARI

Sensa hupima maji yanayoigusa. Maji yakipungua ikabaki kwenye hewa, mshale unaweza kushuka ghafla wakati injini inaungua. Mshale uliopanda kisha ukaanguka si nafuu: simamisha gari, zima injini, subiri ipoe ndipo utazame maji.

Aidha, wananchi wanakumbushwa kwamba nambari ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Anayebadilisha injini aiarifu mamlaka ya usajili na ahifadhi stakabadhi za ununuzi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Geji iliyokufa huyaficha maradhi ya injini. Wenye magari, na wakuu wa vitengo vya usafiri katika ofisi za Serikali, wasilipokee gari lililobadilishwa injini kabla ya kuthibitisha kuwa geji hiyo inafanya kazi na kwamba inasema kweli.